Kufuatilia majibu ya vipimo vyako vya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi maabara hapa Dar, na haya ndo maswali watu wananitumia WhatsApp usiku, mengi yanakuja na picha ya karatasi iliyokatwa nusu, haina tarehe haina yuniti, namba tu, "hii 112 ni mbaya?" Mia na kumi na mbili ya nini sasa. Basi nimeyakusanya sehemu moja. Mimi si daktari na hapa simtibu mtu, naongelea namna ya kutunza namba zako mwenyewe na kuzisoma mwaka hadi mwaka.

Kwanini nijisumbue, si hospitali wanazo?

Wanazo za kwao. Sukari umepima Temeke, figo umepima maabara binafsi Kariakoo, kliniki ya ujauzito ulihudhuria nyumbani Moshi, na mifumo ya hizo sehemu mara nyingi haisomani. Faili nalo linapotea, mfumo unabadilishwa na vya zamani havihamishwi vyote. Uliyekuwepo kote huko ni wewe peke yako.

Karatasi si ina viwango vya kawaida pembeni? Nikiwa ndani si niko poa?

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Vile viwango vinapatikana kwa kupima watu wengi wenye afya, alafu inachukuliwa ile asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo asilimia 5 ya watu wazima kabisa wasioumwa chochote wanatoka nje ya kiwango. Ukipima vitu 20 kwa mpigo, uwezekano wa angalau kimoja kuja na alama ya H (juu ya kiwango) au L (chini ya kiwango) bila ugonjwa wowote unapita asilimia 60. So alama moja ya H, tena imezidi kidogo tu, isikunyime usingizi.

Upande wa pili ndo watu hawauoni. Kiwango ni kipana kuliko wewe. Chukua mwanaume wa miaka 50, kreatinini yake (ile ya figo) mwaka wa kwanza 70, unaofuata 82, alafu 97, alafu 112. Maabara nyingi kwa mwanaume mwisho wa kawaida ni kama 105 hivi au 110, kwa hiyo mara tatu mfululizo ameambiwa iko sawa nenda nyumbani. Lakini ukiweka kwenye hesabu ya eGFR, yani makadirio ya figo zinachuja kiasi gani, ametoka kama 108 akaenda 100, akaenda 82, sasa yuko 69 hivi. Zile karatasi kila moja peke yake haina kelele, zipange kwa mstari zinapiga yowe. Wingi wa damu hivyo hivyo, mwanaume aliyezoea 15.5 akishuka 14.6, 13.8, 13.2 bado hajaguswa na L yoyote sababu mpaka wa chini ni 13, ila damu inaenda mahali, na pengine ni kidonda cha tumbo kinavuja polepole.

Kwahiyo ukiniuliza mimi, cha kulinganisha nacho kwanza ni namba zako za ulipokuwa mzima, kiwango cha karatasi kinafuata.

Seli zangu nyeupe kila nikipima FBP (picha nzima ya damu) zina L, kila daktari mpya anashtuka. Nina tatizo?

Swali zuri na kwetu ni la wengi. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) chache kuliko Wazungu na hawaumwi kitu, inahusiana na aina ya damu inayoitwa Duffy, hiyo hiyo inayotukinga na malaria ya vivax. Mashine nyingi zinakuja na viwango vilivyotengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ndo maana L inajitokeza. Kuna utafiti ulifanyika kwa watu wazima wenye afya Mbeya ukachapishwa 2008, sababu yake ilikuwa hiyo hiyo, viwango vya kuazima havitukai vizuri.

Sasa kama zako ni 3.1, 3.4, 3.0 miaka yote na huugui ovyo, hiyo inawezekana ndo hali yako, mwonyeshe daktari mpya ule mstari mzima atulie. Ila kama ulikuwa 6 miaka yote na leo ni 3.0, hiyo hiyo 3.0 ni habari nyingine kabisa, iangaliwe.

Niandike nini hasa?

Tarehe, jina la kipimo kama lilivyo kwenye karatasi, namba, yuniti, kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, na maabara ipi. Alafu safu moja ya maelezo, hii watu wanairuka na ndo yenye thamani: ulikuwa umekula, ulikuwa na homa, umetoka kuongezewa damu, uko kwenye hedhi, umeanza dawa gani wiki iliyopita, umefunga. Mfano mstari mmoja:

2024-03-12, kreatinini, 84 µmol/L, kiwango 62–106, maabara ya karibu na kazini, asubuhi sijala, nimeanza losartani (dawa ya presha) wiki 3 zilizopita.

Ukiisoma 2027 utajishukuru.

Yuniti zinanichanganya, Marekani walinipa sukari 110 hapa napewa 6.1

Ni kitu kile kile. Sukari ya mg/dL gawa kwa 18 unapata mmol/L, 110 gawa 18 ni 6.1. Kolesteroli inagawanywa kwa 38.67, trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, kwa 88.6 (usizichanganye hizo mbili, nimeona mtu kajipa mafuta ya ajabu), kreatinini ya mg/dL unazidisha kwa 88.4 kupata µmol/L, asidi ya yuriki ya gauti unazidisha 59.5. Wingi wa damu wengine wanaandika 13.2 wengine 132, hapo ni nukta tu. HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, Uingereza wanaiandika kwa mmol/mol: 48 ni sawa na asilimia 6.5, 53 ni 7, 64 ni 8, 75 ni 9.

Chagua yuniti moja kwa kila kipimo, badilisha zote ziwe hiyo, na ile ya asili iache pembeni usiifute.

Daftari, Excel au app?

Chochote utakachokiendeleza. Daftari halihitaji bando wala chaji na bibi anaweza kulisoma. Google Sheets inachora grafu na huipotezi simu ikiibiwa, ila angalia tarehe, 03/04 kwako ni tarehe 3 mwezi wa nne, programu ikiwa na mpangilio wa Kimarekani inaisoma Machi 4 na mstari wote unavurugika, ndo maana hapo juu nimeanza na mwaka. Pia 5,6 na 5.6, simu nyingine ikiona koma inachukulia ni maandishi tu, kwenye grafu haitokei. App za afya nyingi ni nzuri kwa sukari na presha, kwa vingine nazionaga zinachosha, na siku ikifungwa unaondoka mikono mitupu, so hakikisha inatoa faili.

Na piga picha karatasi siku hiyo hiyo. Zile karatasi laini kama za risiti zinafutika zenyewe, mwaka mmoja kwenye pochi na joto hili unabaki na kitambaa cheupe.

Kutoka 5.4 kwenda 5.1 kolesteroli, dawa imefanya kazi?

Hiyo ni upepo tu. Mwili wenyewe unapanda na kushuka hata kama hujafanya kitu, na mashine nayo ina yake. Kolesteroli ya mtu mmoja inacheza kama asilimia 5 au 6, trigliseridi na TSH (kipimo cha tezi ya shingoni) zinaweza kucheza asilimia 20 hivi, enzaimu za ini nazo ni za kurukaruka. Kwa hiyo usisherehekee wala usilie kwa tofauti ndogo. Angalia pointi tatu au zaidi zinaelekea wapi. Statini, ile dawa ya kolesteroli, ikifanya kazi hutaitafuta kwa tochi, utaiona.

Maabara mbili, siku moja, majibu tofauti. Nani kanidanganya?

Pengine hakuna. Mashine tofauti, kemikali tofauti, na saa tofauti. Alafu kuna kinachotokea kwa damu baada ya kutoka mkononi mwako, wateja hawakioni: damu ikikaa kwenye tyubu bila kutenganishwa seli zinaendelea kula sukari, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kwa saa, kwa hiyo sampuli iliyosafiri kwa bodaboda kutwa nzima itakupa sukari nzuri ambayo si yako. Tyubu ya kifuniko cha kijivu ina dawa ya kupunguza hilo lakini saa ya kwanza haizuii vizuri. Potasiamu ndo kinyume, seli zikipasuka wakati wa kutoa damu, sindano nyembamba, mpira umefungwa muda mrefu, ukakunja na kukunjua ngumi sana, inapanda juu mtu anaambiwa moyo utasimama, kumbe kurudia tu inakuwa 4.3.

Ushauri wangu ni kuchagua maabara moja kwa vile unavyovifuatilia ubaki nayo. Ukihama andika umehama.

Glukometa ya nyumbani inasema 8.1, maabara 7.4

Iko ndani ya ruhusa. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kwa hizo mashine kinataka asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara sukari ikiwa 5.6 na kuendelea, na chini ya hapo isipishane zaidi ya 0.8. Kabla hujailaumu nawa mikono kwa sabuni ukauke, kidole kilichomenya embe kinaongeza sukari ambayo haipo kwenye damu. Stripu angalia tarehe, na kopo lake lifungwe, usiliache dirishani kwenye jua.

Nisile kabla ya kupima?

Sukari ya asubuhi, ndio, masaa 8 bila kula na maji ruksa, chai ya rangi "bila sukari nyingi" ni chai. Mafuta siku hizi sehemu nyingi hawalazimishi kufunga, ila trigliseridi ndo inapanda ukila, na ikizidi 4.5 ile LDL (kolesteroli mbaya) inayokokotolewa kwa hesabu haiaminiki tena. Muhimu ufanye vilevile kila mara, kama huwa unapima hujala basi endelea hujala.

Na kuna vingine hamuambiwi. Sahani ya nyama choma usiku inainua kreatinini asubuhi. Gym nzito au siku nzima ya kulima inainua AST na ALT (zile enzaimu za ini) na CK (ya msuli) kwa siku kadhaa, mtu anaambiwa ini kumbe ni msuli, kaa siku 3 bila mazoezi makali ndo upime. PSA ya wanaume (kipimo cha tezi dume), pumzika tendo la ndoa na baiskeli siku 2 kabla, na kama ulikuwa na UTI subiri wiki kama 6. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kuharibu majibu ya TSH na homoni nyingine kabisa, acha siku 2 au 3 kabla na umwambie aliyekutoa damu. Ramadhani mwili unakuwa umekauka kiasi, saa za kula zimegeuka, saa za dawa zimegeuka, kama kipimo ni cha kawaida cha kila mwaka mimi ningesubiri mwezi uishe na siku kadhaa zipite.

HbA1c yangu na sukari za kila siku hazifanani

HbA1c inasoma sukari iliyoganda kwenye seli nyekundu, na seli inaishi kama siku 120, ndo maana inaitwa ya miezi mitatu. Seli zikiishi muda mfupi kuliko kawaida inadanganya kwa kushuka. Mwenye selimundu kipimo hiki hakimfai, na aliyetoka kuongezewa damu au kutokwa na damu nyingi asubiri. Upungufu wa madini chuma wenyewe unaipandisha. Hata mwenye nusu ya selimundu, yule AS ambaye haumwi, mashine aina fulani zinamsoma vibaya, na kwetu AS ni wengi sana, uliza maabara yako njia yao inaathirika au la. Ukiona asilimia 5.2 na glukometa kila asubuhi ni 9, amini glukometa kwanza, alafu ongea na daktari kuhusu wingi wa damu yako.

Nimeanza dawa na kreatinini imepanda, niache?

Usiache bila aliyekuandikia. Ila ujue kuna kupanda kwa aina mbili. Dolutegraviri, iliyomo kwenye TLD, kidonge cha VVU wanachotumia watu wengi wa CTC (kliniki ya VVU), inazuia njia moja ya kutoa kreatinini kwenye mkojo, namba inapanda kidogo wiki za mwanzo alafu inatulia hapo, figo haijaumia. Tenofoviri iliyomo kwenye kidonge hicho hicho ndo inaweza kuumiza figo kwa baadhi ya watu, na huko namba haitulii, inaendelea kupanda. Unaona sasa? Kwa karatasi moja huwezi kuzitofautisha, kwa mstari unaweza. Dawa za presha za aina ya losartani na enalapril nazo, kupanda mpaka asilimia 30 mwanzoni madaktari wanavumilia kisha wanaangalia tena baada ya wiki chache.

Nyingine za haraka haraka: dawa ya presha ya kukojoza inapandisha asidi ya yuriki, metformini ya miaka mingi inashusha B12, na diklofenaki za kununua dukani kila wiki kwa ajili ya mgongo ndo mimi naziogopa kuliko zote, ziandike kwenye safu ya maelezo hata kama unaona aibu.

Nipime kila baada ya muda gani?

Inategemea ugonjwa, na kupima mara nyingi mno kunakupa kelele tu. HbA1c miezi 3 kama dawa imebadilishwa, miezi 6 ukiwa umetulia, kupima kila mwezi ni kutupa hela. TSH wiki 6 mpaka 8 baada ya kubadili dozi. Mafuta wiki 4 mpaka 12 baada ya kuanza statini. Wingi wa damu ukitumia vidonge vya madini chuma, baada ya wiki 4 uwe umepanda kama 1 hivi, usipopanda kuna jambo. Wingi wa virusi fuata ratiba ya CTC yako. Mzima asiye na chochote, mara moja kwa mwaka inatosha, wengine hata hiyo ni nyingi.

Nina mimba, namba zote zimeshuka

Maji ya damu yanaongezeka, kwa hiyo wingi wa damu unashuka na mpaka wa chini unakuwa 11 badala ya 12. Kreatinini nayo inashuka, na ndo maana 80 ambayo kwa dada yako ni kawaida kwa mjamzito inaangaliwa. Usizichanganye kwenye grafu moja na za kabla bila kuweka alama.

Lini niache kuchora grafu niende hospitali?

Sukari chini ya 3.9, kunywa soda yenye sukari au juisi kwanza, maswali baadaye, na aliyezimia usimnyweshe kitu, mkimbize. Sukari juu ya 16 na unatapika au unahema haraka, au glukometa imeandika HI, nenda usiku huo huo. Wingi wa damu chini ya 7, potasiamu 6.5 na zaidi, pleteleti (chembe za kugandisha damu) chini ya 20, maabara yenyewe itakupigia, pokea simu hata kama hujui namba. Na ukijisikia vibaya sana huku namba ni nzuri, nenda, mwili unatangulia karatasi.

Daktari ananiona mjuaji nikimpelekea Excel

Mpelekee ukurasa mmoja. Ana watu 40 nje, hawezi kusoma safu 300. Juu weka dawa unazotumia na dozi, chini vipimo vinne au vitano vinavyohusu ugonjwa wako, tarehe tano za mwisho, basi. Na anza na swali, "dokta, hii imekuwa ikipanda tangu mwaka juzi, tufanye nini," usianze na jibu ulilolipata mtandaoni. Hizo AI nazo zinasaidia kukueleza kipimo ni cha nini, ila nimeona watu wanazipa picha yenye ukungu zinasoma 1.8 kuwa 18.

Naweza kutuma picha kwenye grupu la familia?

Ni damu yako, hiari yako, ila ikishatoka haikurudii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, Kenya nao wana yao ya 2019, na zote zinakupa haki ya kupata taarifa zako kwa anayezishika, kwa hiyo ukiomba nakala ya majibu hujaomba fadhila. Kwa wazazi, omba ruhusa yao, baba hapendi kreatinini yake ijadiliwe na mashemeji. Faili la mama weka kwa mtu mmoja na wa pili wa akiba, mkiwa watano kila mtu anadhani mwenzie anayo.

Majibu ya zamani nitupe?

Hapana, hasa yale ya ulipokuwa huna tatizo lolote. Kreatinini yako ya 2014 ulipopimwa kwa ajili ya kazi ndo inamwambia daktari wa leo figo zimeanza kuchoka lini, na eGFR ikiwa chini ya 60 lazima ijulikane imekaa hapo zaidi ya miezi 3 ndo iitwe ugonjwa sugu wa figo, sasa ushahidi utautoa wapi kama umechoma. Kundi la damu na majibu ya selimundu tunza maisha yote. MRDT (vipimo vya haraka) za malaria za miaka hiyo hazina kazi. Na ile rundo la Widal, "typhoid 1:160" ya kila mwaka, hiyo tupa tu, kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi taifodi, kinga za zamani zinabaki kwenye damu na zinaonekana hata huumwi, kuzichorea grafu ni kupoteza wino.